Majibu kwa Wasomaji: Biashara Huria ya Afrika Inakwama Wapi?

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ulitiwa saini mjini Kigali tarehe 21 Machi 2018, ukapata nguvu ya kisheria tarehe 30 Mei 2019, na biashara chini yake ikatangazwa kuanza tarehe 1 Januari 2021. Kati ya nchi 55 za Umoja wa Afrika, Eritrea peke yake ndiyo haijatia saini. Wasomaji wetu wameuliza mengi kuhusu mkataba huo, na kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo ndiyo soko la pamoja wanalolijua kwa karibu. Tumechagua barua sita zinazogusa mahali ambapo ahadi za vikao hukutana na riziki ya watu, baadhi tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, ninanunua vitunguu kwa wakulima wa Mang'ola na kuvipeleka Namanga upande wa Kenya, mara nyingi mzigo usiofika magunia ishirini. Redioni tunaambiwa ushuru umefutwa kati ya nchi zetu. Nikifika mpakani bado ninalipa hapa na pale, na vijana wa pale wananishauri nipitishe mzigo njia za panya kwa bodaboda. Je, nimedanganywa? — Mama mfanyabiashara, Karatu, Tanzania

Dada yetu, hukudanganywa, lakini ulichoambiwa ni nusu ya habari. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005, na tangu hapo bidhaa ya Tanzania iliyotimiza masharti ya uasili huingia Kenya bila kulipiwa ushuru wa forodha. Vitunguu vyako vimepandwa, vimemwagiliwa na kuvunwa Mang'ola, kwa hiyo uasili wake hauna utata wowote. Wengi hukwama kwa sababu msamaha huo hauji wenyewe; huombwa kwa karatasi, na asiye na karatasi anaweza kutozwa kama aliyeleta mzigo kutoka nje ya Jumuiya.

Kwa mfanyabiashara wa kiwango chako karatasi hiyo imerahisishwa. Mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa yenyewe imo katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hutolewa na afisa wa forodha palepale mpakani. Huhitaji kumlipa wakala wa forodha akujazie. Namanga ina Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018, na utaratibu wake ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili huketi katika jengo la nchi unayoingia, ili usimame mara moja tu. Ukifika hapo, omba cheti hicho kwa jina lake, andika aina ya bidhaa, idadi ya magunia na thamani kwa bei uliyonunulia, kisha udai nakala yako iliyogongwa mhuri.

Hata hivyo cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Bado utahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa sababu kila nchi ina haki ya kujikinga na wadudu na magonjwa ya mazao. Halmashauri ulikonunua vitunguu ina ushuru wake wa mazao, na serikali ya kaunti unakokwenda kuuza inaweza kuwa na ada zake za soko. Haya ni malipo halali, na kila moja lina risiti yake. Malipo yasiyo na risiti si kodi ya nchi yoyote, na una haki ya kukataa kuyatoa.

Kuhusu njia za panya, ninakusihi uziache. Mzigo ukikamatwa huko hutaifishwa wote, na mwanamke aliyekutwa peke yake porini na magunia yake hana pa kulalamikia, maana kulalamika ni kujishtaki. Kuna na hasara nyingine ambayo si yako peke yako: magunia yanayopita huko hayahesabiwi, na biashara isiyohesabiwa haijengewi ghala, choo wala barabara.

Wataalamu nao wamefika mahali palepale ulipofika wewe. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mkataba wa bara zima, ukitekelezwa kikamilifu, ungeongeza pato la Afrika kwa dola bilioni 450 ifikapo mwaka 2035, na kati ya hizo, bilioni 292 zingetokana na kurahisisha taratibu: kupunguza foleni, kufupisha fomu, na kuacha kupima mara ya pili kilichokwisha kupimwa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya neema inayosubiriwa imelala kwenye dirisha lile unalosimama wewe pale Namanga, na ndiyo maana kila waziri wa biashara angefanya vyema kusimama hapo kama raia wa kawaida, bila msafara.

Bwana Mhariri, nina karakana ya kushona sare za shule, na mafundi wanane wananitegemea. Nikisikia habari za soko la nchi 54, hofu inanishika kuliko furaha. Misri na Afrika Kusini zina viwanda vikubwa, na nguo za China zitashushwa katika bandari fulani ya Afrika, zibandikwe lebo mpya, kisha zije hapa kama mali ya Afrika. Ni nani atakayenilinda? — Mwenye karakana, Nairobi, Kenya

Bwana, hofu yako ina msingi, na waliouandika mkataba waliijua. Jambo la kwanza walilofanya ni kugawa muda. Aina asilimia 90 za bidhaa katika vitabu vya forodha zitaondolewa ushuru hatua kwa hatua, kwa miaka 5 katika nchi zenye uwezo zaidi na kwa miaka 10 katika nchi zenye maendeleo duni. Asilimia 7 nyingine, zinazohesabiwa kuwa nyeti, zimepewa miaka 10 kwa kundi la kwanza na miaka 13 kwa kundi la pili. Asilimia 3 zilizobaki nchi inaweza kuziweka kando kabisa. Kwa hiyo ukuta hauanguki kwa usiku mmoja, na wenye viwanda wanaopaza sauti mapema kupitia vyama vyao huwa na nafasi ya kusikilizwa bidhaa nyeti zinapoorodheshwa. Mwenye karakana ndogo ambaye hana chama ndiye husahaulika.

Jambo la pili ni kanuni za uasili. Kubandika lebo, kufungasha upya au kupanga bidhaa katika makasha hakuhesabiwi kuwa utengenezaji; nguo iliyoshonwa nje ya Afrika hubaki kuwa ya nje hata ikipita bandari tano. Ugumu umekuwa katika nguo zinazoshonwa Afrika kwa kitambaa au uzi wa kigeni. Nchi zenye viwanda vya kusokota na kufuma zimetaka uasili uanzie mbali, na nchi zenye karakana za kushona tu zimetaka masharti yalegezwe, na ndiyo maana nguo, pamoja na magari, zilichelewesha mazungumzo ya kanuni hizo kwa miaka mingi. Anza leo kuuliza kitambaa unachokinunua kimefumwa wapi na kwa uzi wa wapi, na utunze ankara zake, kwa sababu siku utakapotaka kuuza sare zako Lusaka au Kigali utaulizwa hilo kabla ya kuulizwa bei.

Jambo la tatu ni hatua za kinga, yaani ruhusa ya kurudisha kizuizi kwa muda pale bidhaa za nje zinapofurika na kuumiza viwanda. Ninaiunga mkono ruhusa hiyo, lakini sukari ya Kenya imetufundisha mipaka yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, iliikubalia Kenya kuweka kikomo kwa sukari inayoingia bila ushuru kutoka nchi wanachama, ili viwanda vya magharibi mwa nchi vipate nafasi ya kujirekebisha. Muda ulipokwisha uliongezwa, ukaongezwa tena, na mambo yakawa hivyo kwa takriban miaka ishirini. Mitambo haikufanywa upya kwa kasi iliyoahidiwa, miwa ikaendelea kuwa ghali, na kiwanda cha Mumias, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote nchini, kiliwekwa chini ya usimamizi wa wadai mwaka 2019. Mlaji alilipa bei ya juu kwa miaka yote hiyo, naye mkulima aliyekuwa akilindwa kwa jina lake hakulindwa. Kinga isiyo na masharti ya kile ambacho kiwanda kitafanya kabla muda haujaisha huwanufaisha wachache.

Usisahau upande wa pili wa jambo lenyewe. Mwaka 2022 nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Rwanda, zilichaguliwa kuanza biashara ya majaribio chini ya mkataba huu, na miongoni mwa mizigo ya mwanzo ilikuwemo shehena ya betri za magari zilizotengenezwa Kenya zikapelekwa Ghana. Betri ni bidhaa ya kiwandani, yenye kazi za mafundi ndani yake, na hizo ndizo aina za bidhaa ambazo nchi za Afrika huuziana kwa wingi kuliko zinavyoziuza Ulaya au Asia, ambako hupeleka zaidi madini, mafuta na mazao mabichi. Biashara baina ya nchi za Afrika zenyewe ni kama asilimia 15 tu ya biashara yote ya bara hili. Fundi wako wa tisa anaweza kutoka katika sehemu ambayo bado haijajazwa.

Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa shirika mojawapo la ile Jumuiya ya zamani. Ilipovunjika mwaka 1977 alisubiri mafao yake mpaka akazeeka. Kwa nini niamini kwamba mikataba hii mipya haitakufa vivyo hivyo? — Mzee wa Tabora, Tanzania

Mzee wetu, shikamoo. Swali lako ndilo zito kuliko yote, na sitalijibu kwa maneno ya kutuliza.

Mkataba wa Jumuiya ya kwanza ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Marais Nyerere, Kenyatta na Obote. Waliunganisha mambo ambayo hadi leo hatujathubutu kuyaunganisha tena: reli, bandari, posta na simu, shirika la ndege, hata taasisi za utafiti. Walijua pia ugonjwa uliokuwa ukiutafuna ushirikiano huo tangu enzi za mkoloni, nao ni kwamba viwanda vingi vilikuwa vimejengwa Kenya, huku Tanzania na Uganda zikibaki wanunuzi. Wakatafuta dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa kodi ya uhamisho, iliyoiruhusu nchi yenye nakisi katika biashara ya bidhaa za viwandani kuzitoza bidhaa za jirani aliyeizidi, ili viwanda vyake vichanga vipate kusimama. Ya pili ilikuwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambayo mikopo yake iligawanywa kwa makusudi: asilimia 38.75 kwa Tanzania, asilimia 38.75 kwa Uganda, na asilimia 22.5 kwa Kenya.

Dawa hizo zilikuwa sahihi, ila kipimo kilikuwa kidogo mno. Fedha za benki hazikutosha kuvuta viwanda kutoka mahali vilipokwisha kuzoea, na kodi ya uhamisho ilizuia bidhaa za jirani bila kujenga kiwanda. Juu ya hayo zikaja tofauti za siasa. Tanzania ilikuwa imeshika Azimio la Arusha na Kenya ilikuwa imeshika soko huria. Kisha Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, na Mwalimu akakataa kuketi naye meza moja, kwa hiyo kikao cha marais watatu, ambacho ndicho kilichokuwa na neno la mwisho, hakikukutana tena. Mashirika yakaendelea kwa miaka sita bila wa kuamua ugomvi wao wa fedha, kila nchi ikizuia makusanyo yake, mpaka shirika la ndege likasimama mwanzoni mwa mwaka 1977. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mali na madeni viligawanywa kwa makubaliano ya Arusha ya tarehe 14 Mei 1984. Wazee kama baba yako walibaki katikati, na ukurasa huo wa wastaafu wa Jumuiya ni wa aibu kwa serikali zetu. Sioni sababu ya kuupamba.

Je, tumejifunza? Dibaji ya Mkataba wa sasa, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, inataja sababu za kifo cha Jumuiya ya kwanza bila kuficha: upungufu wa utashi wa kisiasa, ushiriki mdogo wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na mgawanyo wa manufaa usio sawa. Ni nadra kwa serikali kuandika makosa yao ndani ya sheria zao. Na katika jambo moja walitenda walichoandika: Umoja wa Forodha ulipoanza, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza, ilhali baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa katika nchi hizo mbili kwa ushuru uliopungua kila mwaka kwa miaka mitano, hadi ukaisha mwaka 2010. Mpango ule ulifanikiwa kwa sababu ulikuwa na tarehe ya mwisho ambayo kila mmoja aliijua na iliheshimiwa.

Lipo jambo ambalo bado linanitia wasiwasi. Jumuiya imekua haraka: Rwanda na Burundi mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Nchi kadhaa huchelewesha michango yao, na bado hakuna chombo chenye fedha za kutosha za kumfidia yule anayepoteza kwa kufungua soko. Katika mkataba wa bara zima pengo hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa Burundi na Afrika Kusini zimeketi katika chumba kimoja. Muda mrefu wa utekelezaji ambao nchi maskini zimepewa ni msaada, lakini miaka kumi ya kusubiri bila mtaji, umeme wala reli huisha ukiwa ulipoanzia. Kwa hiyo, mzee wetu, ninaiamini mikataba hii kwa kiasi kile tu ambacho mnyonge ndani yake anaona faida, na hilo linapimwa kwa bajeti za kila mwaka.

Mheshimiwa Mhariri, nchi yetu imo COMESA, imo SADC (jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika), na sasa imo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ninaleta vyombo vya plastiki vinavyotengenezwa Dar es Salaam, na kila wakala wa mpaka wa Kasumbalesa ananitajia karatasi tofauti. Nifuate ipi? — Mfanyabiashara, Lubumbashi, Kongo

Ndugu yetu, cheti hufuata nchi mbili: ile bidhaa ilikotengenezwa na ile inakokwenda, na zote mbili lazima ziwe zimo katika jumuiya hiyo na ziwe zinaitekeleza. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo anayekutajia cheti cha COMESA kwa bidhaa iliyotengenezwa Dar es Salaam anakupotosha, hata kama cheti hichohicho kinafaa kwa unga unaotoka Zambia. Kwako zimebaki SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ilitia saini kujiunga na Jumuiya hiyo tarehe 8 Aprili 2022, na kuoanisha forodha ni kazi ya hatua kwa hatua, hivyo kabla ya kulipia lori iulize mamlaka ya forodha ya nchi yako, kwa barua, ni cheti kipi inachokiheshimu kwa bidhaa yako, na jibu hilo dereva awe nalo. Zambia kwako ni njia ya kupita tu. Mzigo upite kwa dhamana ya usafirishaji, usilipiwe ushuru huko.

Msongamano huu wa uanachama umeligharimu bara letu. Umoja wa Afrika unatambua jumuiya nane za kikanda, na Kongo peke yake imo katika nne ukihesabu na ile ya Afrika ya Kati. Mkataba wa kuziunganisha COMESA, SADC na Afrika Mashariki ulisainiwa Sharm el-Sheikh tarehe 10 Juni 2015, lakini haukupata nguvu hadi tarehe 25 Julai 2024. Miaka tisa ni muda mrefu mno kwa mtu ambaye lori lake linalipiwa kwa siku.

Mhariri, sarafu moja ya Afrika Mashariki itatoka lini? — Mwanafunzi, Kampala, Uganda

Itifaki yake ilisainiwa hapo kwenu Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikalenga mwaka 2024. Sasa lengo ni mwaka 2031. Sarafu moja si jambo geni kwetu, kwa kuwa shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanzisha benki kuu yake. Mimi ningependa isiharakishwe. Nchi zinazoshiriki sarafu lazima zikubaliane kuhusu madeni na mfumuko wa bei, na hapo bado tuko mbali. Kinachohitajika sasa ni kulipana bila kupitia dola, na kwa ajili hiyo mfumo wa malipo wa Afrika uitwao PAPSS ulizinduliwa Accra Januari 2022, ili mnunuzi alipe kwa sarafu yake na muuzaji apokee kwa yake. Ombi langu ni kwamba benki nyingi zaidi za ukanda wetu zijiunge nao.

Ndugu Mhariri, mimi ni msafirishaji. Aprili 2025 niliamka asubuhi nikasikia mazao ya Malawi na Afrika Kusini yamepigwa marufuku, na siku chache baadaye marufuku imesitishwa. Serikali zinawezaje kusaini biashara huria na kufunga mpaka kwa tangazo la usiku? — Msafirishaji, Mbeya, Tanzania

Ndugu msafirishaji, wewe umeliona jambo lenyewe kutoka kwenye usukani. Kisa ulichokitaja kilianza mapema: Afrika Kusini kwa miaka kadhaa ilikuwa haipokei ndizi za Tanzania, na Machi 2025 Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje. Tanzania ikajibu kwa marufuku yake, mazungumzo yakafanyika, marufuku ikasitishwa. Nchi zote tatu ni wanachama wa SADC na zimeridhia mkataba wa Afrika. Ninaelewa hasira ya kuzuiliwa mazao yako bila majibu. Hata hivyo, katika siku zile chache aliyepata hasara ni mkulima na msafirishaji wa pande zote, ambao hawakumfungia mtu mpaka.

Orodha ya visa vya namna hii ni ndefu. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya na ikapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya. Mpaka wa Katuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, pamoja na rejareja ndogo, saluni na ufundi wa simu. Na ingawa kilio cha wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kuhusu ushindani wa wageni kilikuwa cha kweli, amri hiyo iliwagusa na majirani ambao Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inawapa haki ya kujiajiri kwetu, kama sisi kwao.

Kisa cha mahindi kinafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Wengi walisema ni kisingizio, lakini mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na serikali isiyojali jambo hilo ingestahili lawama. Kosa lilikuwa katika namna. Kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kwa mahindi tayari kilikuwepo, sehemu 10 za sumukuvu kwa bilioni, na kingeweza kutumika kwa kupima kila lori, kulirudisha lililozidi na kuliachia lililo salama. Badala yake nchi mbili nzima zilifungiwa, malori yakajipanga barabarani na mahindi yakiwa ndani, katika joto na unyevu unaozidi kuzaa sumu ileile. Siku chache baadaye mpaka ukafunguliwa kwa masharti ya waagizaji kusajiliwa na kila mzigo kuwa na cheti cha kipimo, yaani jambo ambalo lingefanyika tangu mwanzo bila mtu kupoteza gunia.

Unaweza kufanya nini? Kwanza, kila nchi ya Jumuiya ina kamati ya kitaifa ya kufuatilia vikwazo visivyo vya kiforodha, na malalamiko hupelekwa huko kupitia wizara inayohusika na biashara. Andika tarehe, kituo, nambari ya gari, kilichozuiwa na sababu uliyopewa, na uambatanishe picha ya karatasi zako. Kwa vikwazo vya bara zima kuna tovuti ya tradebarriers.africa, ambayo hupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja na kuyapeleka kwa nchi husika.

Pili, ipo mahakama. Chini ya mkataba wa bara zima, nchi ndizo pekee zinazoweza kushtakiana, na serikali zetu huoneana haya. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama anayeona kwamba sheria au amri ya serikali inakiuka Mkataba wa Jumuiya, bila kumlazimu kupitia kwanza mahakama za nchi yake. Kwa kisa chako cha Malawi na Afrika Kusini haitakusaidia, kwa kuwa nchi hizo si za Jumuiya. Lakini kwa amri inayokuzuia kati ya Mbeya na Nairobi, au Kampala, au Bujumbura, mlango huo uko wazi. Sharti lake ni muda: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu amri itolewe au tangu ulipoifahamu, na mahakama hiyo imekwisha kuyatupa mashauri yaliyochelewa. Chama chenu cha wasafirishaji kiwe na wakili anayejua njia ya Arusha kabla tangazo jingine halijatoka.